Nimeambiwa mwanangu haponi kwa sababu mbegu yangu ni ndogo

SWALI

Bwana Yesu asifiwe mama. Naomba usitaje jina langu wala mtaa, sema tu mama wa Temeke inatosha. Nina watoto wawili, asubuhi nauza chapati na mihogo, mume wangu ni bodaboda. Mtoto wa kwanza ana miaka sita, alikutwa na sikoseli akiwa bado mdogo kabisa, tangu hapo tukawa watu wa kliniki, anapewa foliki na dawa zingine, akibanwa na maumivu tunakimbia hospitali anawekewa dripu, saa zingine anaongezewa damu, ndo maisha yetu hayo na tulikuwa tumeshayazoea.

Mwaka jana jirani akanialika kwenye huduma moja hivi ina mtume. Mama ile siku nililia sana, watu wanashuhudia, huyu kapata gari, huyu uvimbe umeyeyuka, nikasema leo na mimi nimekumbukwa. Mtume akaniita mbele akasema mtoto anateswa na laana ya ukoo, kwa kina baba yake kuna madhabahu inakula watoto. Nilishtuka maana kweli kwa upande wa mume wangu kuna mtoto alifariki mdogo na ugonjwa huohuo. Basi nikaanza kumwangalia mama mkwe kwa jicho lingine, nikakataza mtoto asile kwake, mume wangu akakasirika, mpaka leo ndani hamna amani.

Tukafundishwa kwamba ombi lisilo na mbegu, yani sadaka ya hela, halifiki. Unapewa bahasha ina picha ya mtume, unajaza jina, namba ya simu, hitaji, na chini ya hitaji kuna mstari umeandikwa kiasi. Nikaanza na elfu ishirini. Nikaambiwa ugonjwa wa damu ni mzito unataka sadaka inayouma, nikatoa laki saba. Mama hiyo laki saba haikuwa yangu. Mi ni mtunza fedha wa kikoba chetu, niliichukua kimyakimya nikijua mpenyo ukija nitarudisha kabla hawajajua. Mume wangu hajui.

Alafu tukaambiwa tusikiri ugonjwa, ukisema mwanangu anaumwa umemfungulia shetani mlango. Kuhusu dawa mtume mwenyewe hakusema acha, alisema mwenye imani atajua la kufanya, ila wahudumu wake pembeni wanakwambia kumeza dawa ni kukiri ugonjwa. Nikaziacha. Mwanzoni mtoto alikuwa vizuri anacheza, nikaenda kushuhudia watu wakapiga makofi. Baadaye usiku mmoja akabanwa miguu na mgongo, analia mama niombee, mi namwambia sema nimepona, anasema nimepona huku analia. Mama hiyo sauti haijanitoka masikioni. Tukalazwa, akaongezewa damu, dokta akanigombeza mbele ya mume wangu.

Niliporudi kule nikaambiwa imani yangu ina ufa, mashaka yangu ndo yamerudisha ugonjwa, na mbegu niliyotoa ilikuwa nusu, nimalizie. Sa hivi siwezi kuomba kabisa. Nikipiga magoti naona kama naenda kwa mtu anayenidai. Hivi Mungu kanikataa kwa sababu ya mashaka yangu? Na ile Marko 11:24 si inasema yoyote tuyaombayo tuamini tumeyapokea nayo yatakuwa yetu? Nimalizie ile mbegu? Kikoba wanapiga hesabu mwisho wa mwezi huu. Nisaidie mama, sina wa kumwambia.

JIBU

Amina mwanangu. Usimalizie hiyo mbegu. Usitoe hata mia, na bahasha kama bado unayo ndani ichane.

Na kabla hujaendelea kusoma, kama mtoto hajarudi kwenye dawa zake mpeleke kliniki kesho asubuhi, usingoje tarehe ya kadi, mweleze dokta ukweli wote kwamba zilikatishwa na ni kwa muda gani, usifiche maana yeye anapanga dozi kulingana na unachomwambia. Mtoto wa sikoseli homa yake si ya kusikilizia nyumbani. Akipata homa, au akipumua kwa shida, au tumbo likavimba upande wa kushoto, au akapauka ghafla, au mkono na mguu wa upande mmoja ukalegea, ni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Maji anywe mengi, usiku wa baridi umfunike vizuri, na chandarua kisikose kwa sababu malaria kwake ni hatari kuliko kwa mdogo wake. Kama gharama ndo inawalemea, kwenye hospitali za serikali kuna ofisi ya ustawi wa jamii, ulizia hapohapo ulipo, wanasikiliza watu wasio na uwezo. Pia mwulize dokta habari ya dawa inaitwa haidroksiyurea kama mtoto hajaanzishiwa, inapunguza sana yale maumivu na kulazwalazwa.

Sasa tuje kwenye hiyo laana ya ukoo maana hapo ndipo walipokushikia. Sikoseli ni ugonjwa wa kurithi, kwa kitabibu wanauita selimundu, na mtoto haupati mpaka achukue vinasaba vyake kutoka kwa wazazi wote wawili. Sikia vizuri mwanangu, wote wawili. Baba yake anabeba na wewe unabeba, mkiwa wazima kabisa bila dalili yoyote, na kila mimba mnayopata kuna uwezekano wa moja katika nne mtoto kuzaliwa nao, ndo maana mwingine kaupata na mwingine hakuupata. Kwa hiyo yule mtoto wa upande wa mume wako aliyefariki hakuliwa na madhabahu ya mtu, ugonjwa unaopita kwenye damu unaonekana ukooni, ndivyo ulivyo, na mtu yeyote akishajua mtoto ana sikoseli anaweza kubahatisha kwamba kwenye ukoo kuna mwingine aliyekufa nao na asikosee. Huo siuiti unabii. Na mama mkwe wako hana kosa lolote. Bibi wa watu amekaa mwaka mzima anaona mjukuu wake anazuiwa kula kwake na hajui kwa nini, mimi hilo limeniuma kuliko hata hela.

Wanafunzi wa Yesu walimwuliza swali hilohilo kuhusu yule kipofu wa kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu ama wazazi wake? Yesu akajibu huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake, iko Yohana 9. Hakwenda kuchimba ukoo wa mtu.

Kuhusu Marko 11:24, ni Neno la Mungu na siwezi kulipunguza. Lakini Marko haikuishia sura ya 11. Wiki ileile Yesu aliyotamka maneno hayo, alianguka kifudifudi Gethsemane akaomba, "Abba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Hiyo ni Marko 14:36. Aliamini kwamba yote yawezekana, akaomba kwa machozi, na kikombe hakikuondolewa. Kuna mtu atathubutu kusema imani ya Mwana wa Mungu ilikuwa na ufa? Sasa wale wanaokufundisha sura ya 11 wanakunyima sura ya 14, wanakuachia nusu ya maombi ya Yesu, ile nusu ya kudai, alafu ile ya kujikabidhi kwa Baba wanaiita mashaka, wanakwambia ukisema Bwana akipenda umeua imani, wakati Yakobo 4:15 imetuagiza tuseme hivyohivyo, Bwana akipenda. Na Yohana kwenye waraka wake wa kwanza, sura ya 5 mstari wa 14, anasema ujasiri wetu ni kwamba tukiomba kitu sawasawa na mapenzi yake atusikia. Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke, akajibiwa neema yangu yakutosha. Paulo huyohuyo, ambaye Mungu alimtumia kuponya watu wengi, anamwandikia Timotheo kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Alimwacha tu. Hakumwambia Trofimo mbegu yako ni nusu.

Unaniuliza kama Mungu amekukataa kwa sababu ya mashaka. Fungua Marko 9 usome habari ya yule baba mwenye mtoto anayeangushwa na pepo, soma taratibu kwa sababu ni mzazi kama wewe. Ameshahangaika, wanafunzi wameshindwa kumsaidia, amekata tamaa mpaka anamwambia Yesu "ukiweza neno lo lote, utuhurumie, na kutusaidia." Ukiweza! Kwa mahesabu ya hao wahudumu, hapo huyu baba ameshaharibu kila kitu, angetolewa kwenye mstari. Yesu akamjibu kuhusu kuamini, na yule baba akapaza sauti akasema "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Imani na mashaka kwenye sentensi moja, mdomo mmoja. Na Yesu akamponya mtoto. Hakumwambia rudi ukajazie imani kwanza uje wiki ijayo. Kwa hiyo mwanangu hayo mashaka yako yapeleke kwake kama huyu baba alivyoyapeleka.

Sasa ile bahasha. Nimeifikiria sana, hitaji alafu chini yake kiasi. Hiyo mistari miwili kukaa pamoja ndo kosa lenyewe la mafundisho haya. Mwanao akiamka usiku akakwambia mama naomba maji humwulizi ana shilingi ngapi, na Yesu alisema ikiwa nyinyi mnajua kuwapa watoto wenu vitu vyema, je Baba yenu wa mbinguni si zaidi? Watu wa zamani walishajaribu kuweka bei kwenye mambo ya Mungu na Biblia imeandika kilichowapata. Naamani alipopona ukoma alimletea Elisha zawadi nzito, Elisha akaapa sitapokea kitu, akamsihi tena akakataa, mtumishi wake Gehazi akamkimbilia mgeni njiani akachukua fedha na nguo kwa uongo, na ukoma wa Naamani ukaja ukamshika yeye. Ipo Wafalme wa Pili sura ya 5. Simoni wa Samaria alileta fedha kwa mitume apewe uwezo, Petro akamwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe kwa kuwa umedhania karama ya Mungu yapatikana kwa mali. Petro hakumwuliza ana kiasi gani.

Najua watakutajia apandaye haba atavuna haba. Ule mchango wa 2 Wakorintho 8 na 9 ulikuwa wa kuwasaidia waumini maskini wa Yerusalemu, yani hela inatoka kwa wenye nafasi inaenda kwa wenye njaa, na mstari unaofuata unasema mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Sadaka inayouma unaipata wapi hapo? Watakutajia na yule mjane wa senti mbili. Rudi mistari michache juu kabla ya mjane, Marko 12:40, Yesu anawaonya watu kuhusu walimu wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa unafiki, ndipo anatokea huyo mjane anatoa riziki yake yote. Mimi nikisoma yale maneno kwa pamoja naona Yesu anamwangalia mama wa watu kwa huruma na hasira juu ya waliomfikisha pale. Na kuna Marko 7, watu walikuwa wanachukua mali iliyotakiwa kuwatunza baba na mama wanasema ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, Yesu akawaambia mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Hela ya dawa za mtoto wako haikutakiwa kwenye bahasha, na akina mama wenzio wa kikoba hawakuwa wametoa sadaka.

Usidhani haya ndo mafundisho ya siku zote ya kanisa. Yalikomaa Marekani karne ya 20. Mhubiri mmoja E. W. Kenyon, aliyefariki 1948, aliandika sana habari ya kukiri kwa kinywa, mhubiri mwenzake Kenneth Hagin akaieneza, na mhubiri mwingine Oral Roberts ndiye aliyeifanya lugha ya mbegu ijulikane kila mahali kupitia televisheni. Mwaka 1987 huyo Roberts alitangaza kwamba asipopata dola milioni 8 Mungu atamchukua, yani atakufa. Mwenzao Jim Bakker, naye mhubiri wa televisheni, alihukumiwa kwa udanganyifu wa fedha mwaka 1989, na huko gerezani alivyosoma maneno ya Yesu kwa utulivu akasema wazi kwamba alichokuwa anafundisha kuhusu utajiri si sahihi. Na sisi Waafrika hatukukaa kimya, wanatheolojia wa Kiafrika wa harakati ya Lausanne, umoja wa Wakristo wa kiinjili wa dunia nzima, walikutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na tena 2009, wakatoa tamko, wakakubali kabisa kwamba Mungu anatenda miujiza, wakakataa kwamba nguvu yake inajiendesha yenyewe au inaweza kusukumwa kwa maneno na matendo na taratibu za mtu. Hapa kwetu, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa Moshi kwenye mkanyagano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wengi walikuja na shida za kweli kama yako. Ndo maana siwezi kulizungumza jambo hili kwa upole sana.

Hapo kwenye kukiri ndo pananitoa machozi, mtoto wa miaka sita anaambiwa aseme nimepona huku mifupa inamuuma. Mwambie mwanao anaruhusiwa kusema inauma. Zaburi imejaa watu wanaosema inauma. Zaburi 13 inaanza na hata lini Ee Bwana, utanisahau hata milele? Zaburi 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, hakuna ushindi mwishoni, na bado ni maombi na ipo kwenye Biblia ya kila mtu. Kwa hiyo akibanwa tena, mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa, mpe maji, mkande na maji ya vuguvugu, mshike, umwombee kwa sauti anayoisikia, Bwana Yesu mtoto anaumia tusaidie, na kama hayatulii muwahi hospitali. Hilo ni ombi kamili, halijapungukiwa na kitu.

Na sisemi Mungu haponyi. Naamini anaponya, na wewe endelea kumwomba amponye mwanao, kila siku kama unataka. Yakobo 5:14 anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Wazee ndo wanakuja kwako, na hakuna bahasha. Tafuta kanisa ambalo mchungaji wake anajua nyumba unayoishi, na mtoto akilazwa anakuja wodini akiwa na uji mkononi, na siku mtoto akirudi nyumbani akiwa bado na sikoseli yake hakuna anayekukwepa. Kule ulikokuwa ondoka kimya, jitoe kwenye grupu la WhatsApp, usibishane nao. Wakikupigia kukutishia laana, kata simu. Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu, Wagalatia 3:13, hawana ya kukupa nyingine.

Ukishindwa kuomba kwa maneno yako, omba Baba Yetu polepole, ikitosha mstari mmoja basi mmoja. Ukishindwa hata huo, Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Usijilazimishe kusikia kitu. Yule unayemwendea hakudai. Deni ulilonalo ni la kikoba, na hilo tuliongee.

Mwanangu, ile uliita kuchukua kimyakimya, wenzio wataiita wizi na hawatakosea, na msamaha wa Mungu upo ila haufuti hesabu yao. Usikope kausha damu ili uzibe, hapo utakuwa umeingia shimo la pili refu kuliko la kwanza. Anza na mume wako, leo hii jioni akishapaki pikipiki na kula, mwambie yote kwa mpigo mmoja, hela, dawa, na yale uliyoambiwa kuhusu mama yake. Atakasirika, mwache akasirike, usijitetee. Kama anaweza kupandisha hasira ya mikono muwe na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili. Alafu mkiwa wawili nendeni kwa mwenyekiti wa kikoba kabla ya siku ya hesabu, msisubiri mkutano ukafumaniwa na daftari. Mpelekeeni chochote mlichonacho hata kama ni elfu hamsini, mpendekeze kiasi cha kila wiki kinachotoka kwenye chapati na bodaboda, muandikishane, na wewe mwenyewe uombe kuvuliwa utunza fedha kabla hawajakuvua. Wapo watakaokusema mtaani. Wapo pia humo kikobani waliojaza bahasha kama yako na hawajawahi kumwambia mtu.

Kwa mama mkwe nenda na mtoto. Usipeleke maelezo marefu, mwombe radhi, mweleze kwamba ugonjwa umetoka kwenu wote wawili wazazi, alafu mwache mtoto ale kwake.

Niandikie ukishatoka kliniki, nataka kujua dokta amesema nini.